Fremu ya Vioo Viwili

Siku hiyo ya soko, mwaka wa 1986, mabasi ya Mombasa yalikuwa yamejipanga katika mji mdogo wa Kambu na wachuuzi wakiyang'ang'ania madirisha. Kaluki hakuwa na habari nao. Alikuwa amechuchumaa mbele ya muuza vitabu kuukuu, sketi yake ya marinda ikifagia vumbi, akichambua postikadi za zamani. Alipoigusa moja yenye picha ya treni, mkono mwingine ukaikamata upande wa pili.

“Niachie hiyo, sista,” alisema mwenye mkono, kijana aliyejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Alikuwa Kisilu, fundi wa fremu hapo sokoni. “Nataka kuiweka kwa fremu ya mfano.”

“Na hujaangalia nyuma.”

“Nyuma kuna nini? Treni iko mbele.”

Kaluki akaigeuza. Mtu fulani alikuwa amemwandikia mkewe asiuze mbuzi mweupe kabla hajarudi. Kaluki akacheka peke yake. Kisilu akamtazama, akaiachia kadi. Alikuwa ameshapenda, na hakujisumbua kuficha.

Kaluki alikuwa muuguzi katika hospitali ya Mutomo. Kila alipopata mapumziko alishuka Kambu, na siku nyingine Kisilu alimpigia simu hospitalini.

“Mwendwa wakwa, mpenzi wangu, kadi zako zinakaa wapi?”

“Kwa kopo la biskuti.”

“Aii! Kitu unapenda unakificha kama dawa ya panya? Si kinatundikwa juu, wageni wakione?”

Hakukosea sana. Kwao, kitu cha thamani hupigiliwa karibu na dari, na mgeni hukunja shingo kukitazama. Kaluki alicheka tu. Alipoitwa Nairobi kwa kozi, alimwachia Kisilu kopo lile, maana kwake hapakuwa na mtu wa kumwamini zaidi.

Aliporudi, alikuta fremu kubwa yenye kingo za dhahabu. Kadi zote zilikuwa zimebandikwa kwenye mbao nyembamba, zimenyooka kama kwaya siku ya Jumapili. Kisilu alikuwa amevaa shati jipya.

“Umependa?”

“Nyuma ziko wapi?”

“Nyuma nimeweka gundi.”

“Hii ya meli ni ya baba, Kisilu. Alituandikia akiwa kibarua Mombasa, akafia huko. Sina mwandiko wake mwingine.”

“Hukuniambia.”

“Na wewe hukuuliza.”

Akaondoka bila fremu. Kisilu naye alikasirika, kwa kuwa alikuwa ameifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Hasira ikamwisha kabla ya jioni, ukabaki uchungu. Akapiga simu Mutomo. Alimsikia Kaluki nyuma ya karani, akisema, “Mwambie niko wodi.”

Ndipo akakumbuka kuwa hakutumia gundi ya mbao, kwa kuogopa isipake picha rangi ya manjano. Alikuwa amekoroga unga wa ngano. Akateleka birika, akazishikilia kadi juu ya mvuke, moja baada ya nyingine. Mbili zilichanika. Ya baba yake Kaluki aliiacha mwisho.

Simu iliyofuata, Kaluki aliipokea mwenyewe.

“Usikate. Ya baba imetoka.”

“Inasomeka?”

“Neno moja limefutika. Hapa anasema, ‘Nitarudi’, halafu wino umepotea.”



“Krismasi,” alisema Kaluki. “Nalijua.”

Jumamosi Kisilu alifika Mutomo na fremu aliyoifunga kwa blanketi. Safari hii haikuwa na mbao. Kadi zilishikwa katikati ya vioo viwili, mbele zikitazamwa, nyuma zikisomwa. Kaluki aliizungusha taratibu hadi kwenye kadi ya baba yake, akaisoma yote, na machozi yakamtoka bila kificho.

“Sasa nitaitundika wapi?” aliuliza, akijifuta. “Ukutani itaficha upande mmoja.”

“Nimetoboa ukuta wa nyumba yangu, kati ya sebule na chumba. Inaingia sawasawa.”

“We Kisilu! Nani alikuambia nitakubali?”

“Hakuna. Saa hii upepo unapita tu.”

Kaluki alimtazama yule fundi aliyebomoa nyumba yake kabla ya kujibiwa.

“Mbuzi wa kupeleka kwetu umetafuta?”

“Wako tayari.”

“Basi ziba hilo shimo na gunia,” akasema, “mpaka nije.”