Dakika ya Thelathini na Moja

Maiti ilikuwa imelala kati ya cherehani na kitanda, na muuaji alikuwa ameketi kwenye ngazi akisubiri kukamatwa.

Inspekta hakuhitaji hata robo saa. Kisu kilikuwa sakafuni, alama za vidole zilikuwa kwenye mpini, na mume alikuwa na damu hadi viwikoni. Alipoulizwa kama ni yeye, alijibu "ndiyo" kama mtu aliyeulizwa iwapo kiti fulani kina mwenyewe. Askari wakamfunga pingu, mpiga picha akamaliza kazi yake, na kesi ya mauaji ikawa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Inspekta alibaki akikitazama chumba. Marehemu alikuwa fundi cherehani, na katika miaka miwili alikuwa amehama nyumba mara tatu kumkimbia mume huyo huyo. Mlango wake ulikuwa na makomeo matatu. Pazia la dirishani lilikuwa limeshonewa kwenye fremu ili hata upepo usilifungue. Mtu anayejificha kwa bidii namna hiyo haonekani kwa bahati mbaya.

Alijaribu kuhisi kitu, walau hasira, akakosa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu awe hivyo. Mkewe alikuwa amekwisha kuchoka kumuuliza kulikoni. Daktari wa polisi alimpa vidonge, akavimeza vyote, vikaisha, naye akabaki vilevile. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amekufa ganzi tu, na watu waliofanya naye kazi waliita hali hiyo uzoefu.

Uani, mdogo wake marehemu alikuwa amesimama peke yake ukutani. Mama yao alikuwa upande wa pili, amezungukwa na majirani, na kila binti yule alipojaribu kusogea, mama aligeuza uso.

"Anasema ni mimi," alimwambia Inspekta. "Eti mimi ndiye niliyemwambia shemeji dada anakaa wapi. Nilikuwa najua mimi tu, afande. Hata mama mwenyewe dada alimficha, maana mama hana kifua."

"Ulimwambia?"

"Bora ningekatwa ulimi."

"Sasa nani?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe? Nitafutie huyo mtu. Dada nimeshampoteza, na sasa nampoteza mama."

Inspekta alisema atajaribu. Alikuwa amewaambia watu wengi hivyo, na safari hii hakuona tofauti.

Kituoni, alimkalisha mume mezani.

"Ulimpataje?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wapi?"

"Kuna orodha. Ya wanaocheza ule mchezo wa kupanga vigae kwenye simu. Wadukuzi wameiiba wakaimwaga, kila mtu anaiona. Niliandika jina lake na siku yake ya kuzaliwa. Ikatoka mtaa, nyumba, mpaka namba ya mlango."

"Nani alikuonyesha?"

"Ilikuwa gumzo la mji mzima. Watu walikuwa wanajitafuta wao. Mimi nikamtafuta yeye."

Kampuni ya mchezo huo ilikuwa ghorofa ya nne, kuta za vioo, mazulia yanayomeza nyayo. Ukutani palikuwa na ubao wenye tarakimu kubwa: 435. Mkurugenzi, mwanamume mchangamfu mwenye saa mbili mkono mmoja, alieleza kwamba hizo ni siku ambazo huduma haijawahi kuzimwa hata kwa dakika moja.

"Mmeibiwa wiki tano zilizopita," Inspekta alisema.

"Tumeibiwa, lakini hatukuzima." Alisema bila aibu yoyote. "Na sisi ni waathiriwa, Inspekta. Wadukuzi wako ng'ambo huko, hata sura zao hatuzijui. Kengele ya mfumo ilitakiwa kutuamsha, haikulia. Waulize walioniuzia kengele."

Waliomuuzia kengele waliulizwa. Walisema kengele ni nzima, ila kampuni haikuwa ikiihudumia. Mhasibu, aliyepaswa kulipia huduma hiyo, alisema hajawahi kuletewa ombi. Kila mmoja alinawa mikono na kumpisha mwenzake beseni.

"Na anwani za watu majumbani mlizihitaji za nini?" Inspekta alimrudia mkurugenzi. "Huu si mchezo wa vigae?"

"Mshindi wa mwezi tunamtumia fulana. Bila jina halisi na anwani hujisajili."

"Akishaipata fulana?"

"Anwani inabaki. Haili, hainywi."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo, pamoja na nukta yake.

Mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali wa polisi alikuwa mwanamke mfupi aliyefikiri huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Alijifungia siku mbili na mashine za kampuni. Siku ya tatu aliingia ofisini kwa Inspekta bila kubisha hodi.

"Kengele ililia," alisema. "Jumatano ile ya wizi, saa kumi na dakika kumi alasiri. Mtu akainyamazisha kwa mkono. Kwenye saa kumi na moja kasoro akarudi akafuta kumbukumbu."

"Wewe umeionaje?"

"Kengele hiyo hujiandikia nakala ya pili kwenye mashine ya chumba cha chini. Hiyo aliisahau."

"Alitumia jina la nani?"

"La dada mmoja wa zamu aliye likizo ya uzazi. Usihangaike naye, siku hiyo alikuwa leba. Nenosiri lake limebandikwa chini ya kibodi na ofisi nzima inalitumia."

"Wizi wenyewe ulichukua muda gani?"

"Dakika arobaini. Kuna swichi pale, ukiibonyeza tu kila kitu kinakatika. Taarifa za wachezaji zilitoka moja moja, kwa mpangilio wa siku waliyojisajili. Nimemtafuta fundi wako." Alikitoa kile kifuniko mdomoni. "Alitoka dakika ya thelathini na moja."

Inspekta aliandika tarakimu hizo. Mkono wake haukutikisika, na jambo hilo lilimkera kidogo.

Wafanyakazi wa chumba cha mitambo walihojiwa kwa zamu. Siku ya wizi ilikuwa siku ya mia nne ya ule ubao, na kulikuwa na keki.

"Saa kumi ulikuwa wapi?"

"Ukumbini, kwenye chai."

"Na wenzako?"

"Wote tulikuwa ukumbini."

"Hakuna aliyebaki na mitambo?"

"Wote, afande."

Walijibu hivyo wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu, fundi wa mifumo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alijibu hivyo hivyo. Lakini wengi wao waliposema "wote" waliangalia meza, na Inspekta alikuwa ameona meza nyingi zikiangaliwa namna hiyo.

Akashuka jikoni. Mama wa chai alikuwa anasuuza birika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipekua na mimi? Hapa utakuta vijiko tu."

"Siku ya keki ulimimina vikombe vingapi?"

"Kumi na tatu ukumbini, pamoja na cha bosi. Na kimoja nikampelekea Zimamoto mezani kwake."

"Zimamoto ndiye nani?"

Mama alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Hawajakuambia? Basi nimeropoka."

"Ropoka tu, mama. Watu wameshaumia."

Akafuta mikono, akaketi na kueleza. Kwenye chumba cha mitambo kulikuwa na gari la zimamoto la kuchezea, jekundu, dogo. Anayezima huduma kwa sababu ya kengele isiyo ya kweli huwekewa gari hilo mezani. Anakaa nalo mpaka mwenzake akosee, na siku zote hizo haruhusiwi kwenda kwenye chai. Wenzake wakinywa, yeye analinda kengele.

"Yule fundi wa shati safi analo mwezi wa nane huu," mama alisema. "Alizima mara tatu, mara tatu ikawa si kitu. Mara ya tatu walirudisha ubao kwenye sifuri, wakamsimamisha katikati wakampigia makofi polepole, kama watu wanaokanda unga. Mkurugenzi akampiga picha. Hata jina lake halisi hawaliiti tena."

"Mara ya tatu ndiyo siku ngapi zilizopita?"

"Hesabu ubao. Ulianza upya siku hiyo."

"Ubao unasema zaidi ya mwaka."

"Ah, baadaye bosi aliwarudishia siku zao. Alisema sifuri inamuumiza macho."

"Na fundi alifanyaje walipompigia makofi?"

"Alicheka nao. Mtu afanyeje?"

Kesho yake asubuhi fundi wa mifumo aliletwa kituoni. Aliketi, akavuta mikono ya shati ifunike vifundo.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alisema. "Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Naelewa, afande."

"Hukuwa kwenye chai."

"Sikuwa."

"Kwa nini wenzako wanasema ulikuwepo?"

"Wanaona aibu. Wakisema sikuwepo itabidi waseme kwa nini."

"Kengele ililia?"

Alivuta tena mikono ya shati.

"Ililia. Niliinyamazisha. Mwanzoni nilidhani ni kama zile nyingine. Nilisema nikizima leo, siku ya keki, hawa watanila nyama."

"Halafu?"

"Nikaangalia skrini. Dakika ya kumi hivi nikajua ni kweli. Vitu vilikuwa vinatoka kama maji kwenye bomba lililopasuka."

"Swichi ilikuwa wapi?"

"Hapa." Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza tupu. "Kidole kilikuwa juu yake."

"Mbona hukubonyeza?"

Alipumua kwa nguvu. "Kupitia kioo nilikuwa nawaona. Walikuwa wanaimba, wanakata keki. Mmoja akageuka, akanipungia mkono, akafanya mdomo wake kama king'ora. Wote wakaangua kicheko. Afande, miezi minane. Mwanangu aliniuliza kwa nini wananiita Zimamoto, nikamwambia ni kwa sababu baba yako ni shujaa. Pale nikasema, acha. Acha safari hii iwe ya kweli na wakose wa kuwaambia. Mkurugenzi aaibike. Wote waaibike. Nikaondoa kidole, nikanywa chai yangu."

"Uliwafahamu wadukuzi?"

"Hapana. Naapa."

"Walikulipa?"

"Hakuna aliyenilipa. Nilitaka tu wao nao wapigiwe makofi."

"Na kumbukumbu ukafuta."

"Hasira ilipoisha, hofu ikaingia."

Inspekta aligeuza picha moja na kuisukuma upande wake. Ilikuwa ya fundi cherehani akiwa hai, ameegemea mashine yake, tepu ya kupimia shingoni.

"Huyu alitoka dakika ya thelathini na moja," alisema. "Ulijua dakika ya kumi."

Fundi wa mifumo aliivuta picha karibu.

"Kwangu zilikuwa tarakimu," alisema. "Skrini haionyeshi watu. Nilikuwa nawaza nyuso kumi na tatu tu, za upande wa pili wa kioo."

Akasaini maelezo yake, kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri. Inspekta akaandika jina lake kwenye fomu ya mashtaka: kuharibu kumbukumbu za mfumo, kushindwa kwa makusudi kuzuia uhalifu. Chini yake akaandika jina la mkurugenzi, kwa kuweka anwani za watu bila sababu. Wadukuzi aliwaandika "wasiojulikana", na alijua watabaki hivyo. Katika nafasi ya kwanza kabisa lilikuwa jina la mume. Fomu ilikuwa na mistari minne, akaijaza yote.

Jioni alikwenda kwa mama wa marehemu. Alimkuta sebuleni na bintiye, kila mmoja kwenye kona yake, kama abiria wasiojuana. Akawaeleza yote akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea maelezo mahakamani.

"Na huyu?" mama aliuliza, akimwonyesha bintiye kwa kidevu.

"Huyu hakumwambia mtu yeyote, mama. Aliitunza ile siri mpaka mwisho."

Alitegemea kuona binti akishusha pumzi. Haikuwa hivyo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mchezo ule nilimwingiza mimi," alisema. "Usinitetee, afande. Nilimwambia, dada, unakaa peke yako kama mfungwa, jisajili tucheze wote, walau jioni tuwe pamoja. Alikataa wiki nzima. Nikambembeleza."

Mama alimgeukia bintiye. Inspekta alijua huu ndio wakati ambao familia huvunjika moja kwa moja.

"Alikuwa anakushinda?" mama aliuliza.

"Kila siku."

"Akishinda anafanyaje?"

"Ananipigia simu kunicheka. Anacheka mpaka anakohoa."

"Miaka miwili mimi sikumsikia akicheka," mama alisema. Akasogea, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye kochi. "Njoo hapa. Njoo unionyeshe alivyokuwa anacheka."

Binti alivuka sebule, akaanguka mapajani mwa mama yake, na wote wawili wakalia kwa sauti, bila kujali mgeni.

Inspekta aliufunga mlango taratibu. Aliwaonea wivu. Haikuwa hisia nzuri, lakini ilikuwa ya kwanza kwa miaka mitatu, naye akashuka nayo ngazi polepole, akiogopa isije ikampotea kabla hajafika nyumbani kwa mkewe.