Nilichemsha Tufe la Irene

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mkazi wa Kibaoni hapa Ifakara, mama wa mtoto mmoja wa kike. Asubuhi nauza vitumbua, na msimu wa mpunga ukifika nahamia shambani kwa mama mkwe wangu kule Idete. Mume wangu, Beda, anajua kwamba ninaandika haya. Nilipomwambia hakunikataza, wala hakuniambia niendelee.

Wasomaji wenzangu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Mkishamaliza, nihukumuni.

Tangu tuoane, Beda alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam na mimi nikiishi huku. Alikuwa anarudi wakati wa mavuno, anakaa wiki chache, anaondoka. Mtoto wetu Joyce alimzoea baba yake kwenye simu kuliko ana kwa ana. Mimi je? Nililala peke yangu miaka yote ya ujana wangu! Nilikuwa nacheka na wateja wa vitumbua, lakini ndani nilikuwa na swali moja lisilolala: huyu mwanaume mzima, kule mjini, anaishije?

Kazi yake ilikuwa kwenye ukumbi wa boling. Kwa msioujua mchezo huo, watu wenye nafasi zao wanaviringisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao, liende likaangushe vigingi vilivyopangwa mwisho. Njia ile inapakwa mafuta kila siku, na Beda ndiye alikuwa mpakaji. Mimi sikuwahi kuuona mchezo wenyewe. Nilipokuwa nikimsikiliza nilijiuliza kama kweli mtu anaweza kulipwa kwa kupaka sakafu mafuta ili tufe liteleze.

Msimu uliopita alishuka kwenye treni na begi dogo zito ajabu. Nilidhani ameleta sufuria. Alipolifungua nikaona tufe la buluu iliyokolea, linang'aa, lina matundu matatu ya kuingiza vidole. Chini ya matundu palikuwa pamechongwa jina: IRENE.

Niliuliza Irene ni nani. Alinijibu bila kusita kwamba ni mteja wa ukumbini, mchezaji mzuri, anayejiandaa kwa mashindano nje ya nchi. Tufe lake limekunywa mafuta ya njia mpaka limeharibika, haligeuki tena linapotakiwa kugeuka. Yeye Beda amejifunza namna ya kuyatoa mafuta hayo taratibu, na kwa kuwa kazi ni ya siku nyingi, akaona aje nalo nyumbani.

Jamani... tufe linakunywa mafuta? Wewe ungeamini?

Alinionyesha. Alibandika karatasi ya gundi kwenye matundu maji yasiingie, akaliweka tufe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Baada ya muda alilitoa, na kweli, juu yake palikuwa na vitone vya mafuta kama jasho kwenye paji la uso. Alivifuta kwa kitambaa laini, akalirudisha. Hivyo hivyo kila jioni. Alilishika kwa mikono miwili, akilizungusha polepole, akilinusa, akilitazama kwenye mwanga.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele, nimevaa kitenge kipya nilichokishona kwa ajili yake. Hakukiona.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kunitafuna. Kila nilipopita karibu na lile beseni nililiona lile jina. Nikaanza kumuwazia huyo Irene: kucha zake, sauti yake, vidole vyake vikiingia kwenye yale matundu. Nilimweleza jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma anayetuuzia maziwa. Yeye alicheka akaniambia nimuulize mume wangu vizuri, kwani mtu mwenye hawara hamleti nyumbani kwa mkewe akiwa kwenye beseni. Nilikasirika. Nilihisi ananidharau.

Siku moja Beda alikwenda Idete kumsaidia mama yake kupiga mpunga, akamchukua na Joyce. Simu yake aliiacha inachaji. Kabla ya kuondoka aliniita penye beseni.

"Mchana nibadilishie maji," aliniambia. "Yawe ya vuguvugu tu, mkono wako uweze kukaa humo bila kuungua. Yakizidi moto linapasuka. Umenielewa mama Joyce?"

Nilimjibu nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa! Neno hilo naomba mlishike.

Hazikupita saa nyingi simu yake ikaita. Kwenye kioo pameandikwa Irene. Nilipokea. Sauti ya msichana, laini, yenye furaha, ikamuulizia Beda. Nikasema ametoka. Akauliza anaongea na nani. Sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi... nilisema mimi ni dada yake.

"Shikamoo dada," akasema. "Naomba umwambie anitunzie mtoto wangu vizuri, nimemkumbuka sana. Na umwambie lile jambo letu limekubaliwa. Ila mkewe asijue kwanza, mpaka Beda mwenyewe amwambie."

Niliitikia, nikakata simu. Nikakaa chini pale pale.

Mtoto! Kumbe wana mtoto, na anatakiwa amtunze! Na jambo limekubaliwa... jambo gani kama si ndoa? Ndiyo maana nimekaa huku miaka yote nikinuka mafuta ya vitumbua, kumbe nyumba yenyewe iko kwingine! Nililia mpaka nikakosa machozi.

Nilipoinuka nilikuwa nimetulia kabisa. Nawaambia ukweli kwa sababu watu husema hasira hupofusha. Mimi nilikuwa naona vizuri. Nilikoka kuni, nikabandika lile sufuria kubwa tunalopikia wavunaji, nikasubiri maji yachemke mpaka yakawa yanaruka. Nikalichukua tufe la Irene, nikalitumbukiza. Nikafunika. Nikakaa kwenye kigoda nikilisikiliza likigongagonga ubavu wa sufuria.

Kisha nikalitoa kwa matambara, nikalimwagia ndoo nzima ya maji baridi ya kisimani.

Lililia kama kuni kavu inapopasuliwa kwa shoka. Ufa ulitoka kwenye tundu la kidole gumba, ukazunguka, ukapita katikati ya jina.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Beda alirudi alasiri. Alipoliona hakupiga kelele. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa, akaniuliza ilikuwaje. Uongo nilikuwa nimeshauandaa. Nilimwambia nilitaka kumsaidia, nilifikiri maji yakichemka mafuta yatatoka haraka, sikujua kama yatadhuru. Nikajitia kulia. Mwanaume yule akanishika bega akaniambia nisilie, kosa ni lake, hakupaswa kuniachia mimi kazi ngumu kama ile.

Kisha akatoka uani kumpigia Irene. Mimi nikasimama nyuma ya mlango, nikingoja kusikia mahaba.

"Irene, nina habari mbaya," nilimsikia akisema. "Mtoto wako nimemuua. Tufe limepasuka. Hapana, hakuna mwingine aliyeligusa. Ni mimi, nimezidisha moto."

Mtoto wako... tufe limepasuka!

Nilishikilia mlango. Mtoto lilikuwa ni tufe! Yule binti alikuwa akiliita mtoto wake, kama vile kijana anavyoiita pikipiki yake! Na mume wangu, pale uani, alikuwa anabeba dhambi yangu mgongoni bila kujua kwamba ni dhambi.

Je, nilitoka nikasema? Sikutoka. Nilikwenda kuosha sufuria.

Lile jambo letu nililijua jioni ile. Beda mwenyewe alinieleza, akitazama chini. Irene alikuwa amemwombea kwa mwenye ukumbi afundishwe ufundi wa kutoboa na kutunza matufe. Fundi anapewa vyumba viwili nyuma ya ukumbi kuishi na familia yake. Mwenye ukumbi alikuwa amekubali, ila alitaka kwanza aone tufe la Irene likirudi kama jipya. Beda hakutaka kuniambia mapema, kwa sababu mara nyingi alikuwa ameniahidi kutuchukua na ikashindikana, akaogopa kunitia matumaini tena.

"Nilitaka nikwambie ukiwa unafunga mizigo," aliniambia.

Mnaelewa? Vyumba viwili. Mimi, yeye na Joyce chini ya paa moja. Kitu nilichokililia miaka yote nilikiweka kwenye sufuria kwa mikono yangu, nikafunika!

Mwenye ukumbi hakusikiliza maelezo. Alisema mtu anayechukua mali ya mteja akaipika kijijini hawezi kuaminiwa hata kupaka njia mafuta. Beda akafukuzwa. Irene alikwenda kwenye mashindano na tufe la kuazima, akatolewa mapema. Alinipigia mimi baadaye, safari hii akijua ni mke. Hakuwa na ugomvi. Alisema alitaka kunipa pole, kwamba Beda alikuwa akiwasimulia kuhusu vitumbua vyangu mpaka wote pale ukumbini wakawa na hamu navyo. Kisha akauliza dada yake Beda hajambo, maana ile siku alimsikia kama mtu asiye na raha. Nilimwambia hajambo. Uongo juu ya uongo...

Beda alikwenda kutafuta kibarua Mngeta, kwenye mashamba makubwa ya mpunga. Mtu aliyekuwa akishika tufe kama yai sasa anabeba magunia. Alikuwa anarudi akiwa amekonda, mabega yamechubuka, na bado alinitania ili nisijilaumu! Mama mkwe alipomsema kwa kupoteza kazi ya mjini, hakulitaja jina langu. Joyce alipomuuliza lini tutakwenda kuishi Dar, alimwambia, "Baba alikosea kazi, mwanangu." Nilikuwa naepa chakula mezani nisiitazame ile sura. Usingizi ulinikimbia. Nilianza kumchukia kwa wema wake, mnajua hilo linawezekana?

Miezi ilipita ndipo nikamwambia Beda, tukiwa shambani Idete, tumepumzika kando ya turubai la kuanikia mpunga. Mama mkwe alikuwa amekwenda na Joyce kuchota maji. Nilisema yote: simu, uongo wa dada, kuni, ndoo ya maji baridi. Nilisema na ile furaha.

Alichota mpunga mkononi, akaumwaga, akachota tena. Nilitamani anipige. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nilimuuliza Irene ni nani, akanijibu, na jibu lilikuwa kweli. Lakini niliulizia kosa, sikuulizia ukweli, na nilipokosa kosa nikaendelea kulitafuta.

Hakuniacha. Wengine mtasema nimepona. Anarudi kila mwisho wa mwezi, analala kwenye kitanda chetu, analeta samaki. Lakini siku hizi Beda ananieleza kila kitu bila kuulizwa. Akiingia tu anasema nimepita dukani, muuzaji ni mwanamke, nimenunua sabuni nikatoka. Nimekaa kwenye gari na mama mmoja wa makamo, tumeongea habari za mvua. Kambini mpishi wetu ni binti, anaitwa fulani, sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Anaongea taratibu, bila hasira, kama mtu anayejieleza kituo cha polisi. Nikimwomba aache, ananiambia ni afadhali nijue. Joyce ameanza kumuiga. Juzi aliniambia alikotoka, na nani, na walicheza nini, kabla sijafungua kinywa...

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaoishi mbali na waume au wake zenu kwa sababu ya kazi. Wivu unakuja, siwezi kuwaambia usije. Ukija, keti na mwenzako, sema kinachokuuma, na akikujibu mpe nafasi ya kuaminiwa. Usijibu simu kwa jina la mtu mwingine. Usiharibu kitu ambacho hujajua ni cha nani. Na kama umeshaharibu, sema siku hiyo hiyo, maana mimi hata lile kosa la sufuria pengine lingesameheka. Kilichomvunja Beda ni miezi aliyonibembeleza nisilie, nami nikamwachia anibembeleze.