Kichuguu cha Afande Yangi

"Futa jina yako kwa hiyo safari, Poni. Leo. Sasa hivi."

Mariam Poni alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, vidole vyote vimezama kwenye nywele za mteja, saluni kwake mjini Arua. Baba yake, Afande Yangi, sajenti mstaafu wa Midia kule Koboko, hakuwa mtu wa kupiga simu kuulizia hali. Alipiga kutoa amri.

"Salaam aleikum, baba."

"Aleikum salaam. Nasikia unaleta Mukongo yako mpaka Koboko."

"Naleta kosta nzima ya watu, baba. Wanakuja kuona ngoma, kupanda mlima, kula chakula yetu. Mukongo iko mumoja tu."

"Huyo mumoja ndiyo namjua. Yule ya vitenge."

"Anaitwa Nestor."

"Mimi sikuuliza jina! Sikia. Dini si shida, ndugu yangu mwenyewe anasali kwa Wakatoliki. Shida ni moja. Huyo mutu hana watu. Akikutupa kesho, mimi nitashika nani? Nitashika kitenge?"

Mteja akaangua kicheko. Poni akavuta ule msuko kidogo tu, kicheko kikaisha chenyewe.

"Jumapili Jimmy wa Oraba anakuja nyumbani," baba aliendelea. "Kijana anapitisha malori mpakani, na ukoo yake tunajua mpaka kwa babu ya babu. Wewe utakuwepo."

"Jumapili nitakuwa Midia, baba. Nakuahidi."

Simu ikakatika. Msichana hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Jioni akafika sokoni, kwenye kibanda cha Nestor. Nestor mwenyewe alizaliwa hapohapo Arua, ila mama yake, Mama Elise, alivuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na bunda moja la vitenge kichwani, na mpaka leo watu walimwita mtoto wake "Mukongo" kana kwamba ameshuka jana. Alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya kucheka, na ile safari ilikuwa wazo lake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, nyasi zimevaa upya, Pasaka imekaribia. Jumamosi, siku ya utamaduni Koboko. Jumapili asubuhi, mlima Liru. Mchana, kumbikumbi.

"Siku ya kwanza watu wale sombe ya mama, ile kisamvu yake," Nestor alisema.

"Watu wasafiri mpaka Koboko kula sombe ya Arua? Si wabaki tu jikoni kwa mama yako!"

"Wewe sombe ya mama unakula mpaka unalamba sufuria."

"Nalamba kwa heshima. Koboko watakula ugali ya mtama na kunde yenye simsim. Andika."

Nestor hakuandika. Alikunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Poni, tukate Koboko. Tuwapeleke Ajia, kuna mashamba mazuri, watu watatembea, watakula. Baba yako sitaki nimchokoze."

Poni alimtazama hivi, kutoka kidevuni mpaka utosini.

"Mimi nimechoka kukupenda nyuma ya mabunda kama panya, Nestor. Nikikata Koboko, nimekukata wewe. Unataka nikukate?"

"Sitaki."

"Basi nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini kumbikumbi tutapata wapi? Kila kichuguu kule kina mwenyewe. Watu wanarithi kama shamba. Mgeni akikutwa anapiga kichuguu ya watu, ni mwizi wa kupelekwa kwa wazee."

"Hiyo niachie mimi."

Wanaume jamani! Mwanamke akisema "hiyo niachie mimi" huku anatabasamu, uliza mara ya pili. Nestor hakuuliza.

Jumamosi ikawa ya furaha tupu. Koboko ilijaa ngoma na pembe, vumbi likapanda mpaka kwenye kope, wageni wakala mtama na kunde wakaomba tena. Poni alicheza mbele ya watu wote akimvuta Nestor kwa mkono, na Nestor, masikini, akarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Baadaye alimwandikia ujumbe:

"Nimemuona baba yako kwa ngoma. Aliniangalia kama mutu ameona nyoka chooni."

Poni akajibu: "Amekuangalia. Zamani alikuwa anageuka pembeni. Tunapanda cheo."

Jumapili walishuka Liru, ndipo Poni akawaongoza Midia kwa njia ya miguu, katikati ya mashamba ya muhogo. Wakatokea kwenye kichuguu kikubwa kuliko kibanda. Kumbe mabua ya kupigia alikwisha kuyaandaa, blanketi la kufunika lipo, kapu lipo. Akawapanga watu kukizunguka.

"Mnapiga hivi, taratibu, kama mvua. Walio ndani watadhani mvua imekuja, watatoka. Ukiacha kupiga wanarudi. Kwa hiyo hakuna kuacha!"

Tiki-tiki-tiki-tiki. Kijasho kikawatoka. Punde mabawa ya kwanza yakachomoza, wageni wakapiga kelele za furaha, kumbikumbi wakaanza kumiminika kapuni.

Nestor, akipiga upande wake, aliona paa la bati nyuma ya migomba.

"Poni. Ile nyumba ya nani?"

"Ya kwetu."

"Na hii kichuguu?"

"Piga, wataacha kutoka."

"Poni! Hii kichuguu ya nani?"

"Ya baba."

Rangi ikamtoka. "Umenileta kuiba kwa baba yako?"

"Mgeni akipiga hapa ni mwizi. Lakini mkwe akipiga hapa, amekuja kusaidia nyumba. Leo baba atachagua jina lako mbele ya watu."

"Na mimi hukuniuliza jina ninalotaka?"

Poni alifungua mdomo. Kabla hajajibu, kutoka kwenye migomba sauti ya gwaride ilishanguruma:

"NANI HUYO KWA KICHUGUU YANGU!"

Hee! Kosta nzima ilitawanyika muhogoni, mmoja akaacha kiatu. Afande Yangi akatokea na fimbo. Nyuma yake Jimmy wa Oraba, viatu vinang'aa, akikwepa tope. Nyuma kabisa, Mama Poni, mikono mitupu, hana haraka.

Nestor hakukimbia. Aliendelea kupiga. Tiki-tiki-tiki.

"Wewe husikii?" Afande alifoka. "Wenzako wamekimbia!"

"Nasikia, mzee. Nikiacha, kumbikumbi yako inarudi ndani. Sikujua ni kichuguu yako. Mimi ni mwizi, nipeleke kwa wazee, nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini sikimbii."

"Mimi ndiye niliyemleta," Poni akasimama mbele ya Nestor. "Nilimficha kichuguu ni ya nani. Kama ni mwizi, mwizi wawili."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nilijipa."

"Mutoto wa kike hana kichuguu! Ataolewa, ataenda!"

"Wewe ulipokuwa kambini miaka yote, baba, nani alilala macho wezi wasikipige? Mimi na mama. Nani alikipalilia? Mimi. Huyo Jimmy anajua hata mlango wa kupuliza moshi uko upande gani?"

Jimmy akakohoa. "Afande, mimi ... kuna malori inaningoja Oraba ..."

"Nenda," Mama Poni alisema, ndilo neno lake la kwanza. Jimmy akaenda, na kwa mara ya kwanza hakukwepa tope.

Afande akaelekeza fimbo kwa Nestor. "Wewe. Watu yako iko wapi? Leo nikikushika, nani atakuja kusema 'huyo ni wetu'?"

Nestor akampa Poni mabua ashike upande wake, akatoa simu, akaweka spika.

"Allo, mama?"

"Nestor! Kosta iko salama?"

"Salama. Mama, nimekamatwa. Nimepiga kichuguu ya mutu, Midia."

"Yesu! Ya nani?"

"Ya baba yake Poni. Anauliza watu yangu iko wapi."

 Sauti ya mama ikapasuka simuni:

"Usitoke hapo! Hata wakikupiga, usitoke hapo! Mwambie huyo baba, wajomba zako wanne wa Ariwara niko nao hapa, tunakula, tunanawa mikono sasa hivi! Na kama anataka wengine, Kongo haijaisha!"

Mbali kule muhogoni mtu akashindwa kujizuia, akacheka. Afande akakaza taya, lakini lile taya halikukaa sawa.

Nestor akamgeukia Poni, sauti chini.

"Umenifanya chambo."

"Ndiyo." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hakuyainamisha. "Nilikosea kukuficha. Kukuleta sikukosea. Hilo la pili usiniombe nitubu."

"Vita ijayo niambie kabla. Nivae viatu vizuri."

"Nitakwambia."

"Basi piga. Wanarudi ndani."

Wakapiga pamoja. Afande aliwatazama wee, mpaka fimbo yake ikashuka yenyewe.

"Jumamosi," akasema. "Walete hao wajomba. Wote, tena mchana, niwaone sura mmoja mmoja. Na hii kapu ipelekwe nyumbani, si ya wageni. Mambo ya kichuguu nitaamua mimi."

"Tutaamua, baba," Poni alisema, bila kuacha kupiga.

Midia nzima hakuna aliyewahi kumsahihisha sajenti Yangi. Alimkodolea binti yake macho, kisha akamgeukia mkewe.

"Huyu wewe ulizaa na nani?"

"Na wewe," Mama Poni akajibu, akainua kapu lililojaa, akalitia kichwani, akatangulia nyumbani.