Mikono Nyuma ya Sanduku

Sanduku lilikuwa jepesi, na hilo ndilo lililomtia Tsuya wasiwasi. Sanduku la makaa ya mawe likishajaa halina urafiki na mtu. Unajifunga kamba begani, unainama mpaka magoti yanagusa tope, unaliburuta juu ya vyuma vyake kama ng'ombe wa jembe. Lakini siku hiyo, alipofika mahali pa mgodini paitwapo Mlango wa Upepo, kamba ililegea begani. Sanduku likaja lenyewe mpaka likamgusa visigino.

"Nani huyo?" akauliza.

Maji yakadondoka darini. Kisha ikamjia harufu ya tangawizi ya chumvi, ile ambayo kaka yake Isokichi hakuacha kuitafuna kazini, na Isokichi walikwisha kumzika tangu majira ya mvua.

Hakugeuka. Aliburuta mpaka nje, akamwaga makaa, na wanawake wenzake wakamcheka alivyotoka mbio.

"Wee Tsuya! Siku hizi umeolewa na farasi nini? Tuazime na sisi!"

Akacheka nao, ila cheko halikufika tumboni.

Katika migodi ya Chikuho kazi ilikuwa ya watu wawili wawili: mchimbaji na sururu yake, na mburutaji na sanduku lake. Wengi walikuwa mtu na mkewe, ila Tsuya, aliyefiwa na mume, alifanya kazi na kaka yake. Wakati wa kuingia mchimbaji hutangulia, maana yeye ndiye anayegonga dari kwa mpini na kusikiliza kama linajibu kwa sauti nzima au sauti ya mtungi uliopasuka. Wakati wa kutoka hufuata nyuma, akilisukuma sanduku. Isokichi hakupata kutoka mgodini kabla ya mdogo wake hata siku moja. Mara ngapi Tsuya alimwambia atangulie akapumzike, naye humjibu, "Nitangulie, nani akusukume? Babu yako?"

Alikufa wakati wa kuvua mihimili. Makaa yakikaribia kwisha, ile mihimili minene ya makaa iliyoachwa ishikilie dari huchimbwa nayo, watu wakirudi kinyumenyume na dari likiwafuata. Kazi hiyo ina makaa mengi na umri mfupi. Dari lilimwangukia Isokichi akiwa bado ananyoosha mkono kumsukuma dada yake atoke. Baada yake Tsuya aliburuta makaa ya wachimbaji wengine, bila wa kumsukuma.

Sasa huko wana desturi, na mwenye kuicheka na acheke akiwa juu ya ardhi. Maiti akitolewa mgodini, ndugu yake hutangulia mbele ya machela akimwita jina na kumtajia kila mahali wanapopita. "Isokichi, hapa Kona ya Matone! Tunapanda!" Roho huko chini ni kama mtu aliyezimikiwa na taa, asipoambiwa njia hubaki palepale. Tsuya aliita vizuri mpaka Mlango wa Upepo. Hapo dari likalia tena, paa! Wabebaji wakatimua mbio, naye akatimua, na alipokumbuka kinywa chake walikuwa wameshaliona jua.

Mama yao, aliyeburuta masanduku hukohuko mpaka macho yakapofuka, aliipapasa maiti usoni, akasema, "Umeniletea mwili tu, Tsuya." Tangu hapo kila jioni aliandaa bakuli la uji wa mchele kwa mwanawe. Aliweka kiganja juu ya mvuke, akasubiri, kisha akatikisa kichwa. "Hajafika."

Baada ya siku ile ya kwanza, sanduku lilisukumwa kila safari, na Tsuya, masikini, akaanza kuizoea ile mikono, hata akawa anasema "asante Kaka" kwa sauti ya chini. Mpaka siku ambayo, kamba ikiwa begani na taa ya wavu, ule wa kuzuia gesi isiwake, ikining'inia kwenye meno, alisikia nyuma yake, karibu na sikio, sauti kavu kama ya mtu aliyemeza vumbi:

"Tsuya. Tumefika wapi?"

Taa ikamponyoka.

Hakulala siku hiyo, na asubuhi yake ikaja habari mbaya zaidi. Mnyapara Kuroda aliwakusanya watu mbele ya ghala la taa, kofia mkononi.

"Moto umeshika ndani," alisema. "Makaa ya vumbi yaliyoachwa nyuma yamepata joto yenyewe. Kesho tunajenga ukuta pale Mlango wa Upepo, matofali na udongo. Moto ukikosa hewa utakufa. Mtoe vifaa vyote, basi."

"Na aliye ndani?" Tsuya akauliza.

"Aliye ndani nani? Nimewahesabu, wote wametoka."

Watu wakatazama chini. Kila mtu alijua anamsema nani.

Tsuya akaenda moja kwa moja kwa Bibi Okane, mganga aliyewahudumia watu wa mgodi. Bibi yule alimsikiliza huku akimenya figili, wala hakuonyesha kushangaa.

"Ingia umbebe," alisema. "Mgongoni, kama mtoto. Mwite jina, mtajie mahali, kila mahali. Usigeuke na usimtue hata magoti yakivunjika."

"Na nikimbeba asiyekuwa yeye, Bibi?"

"Huijui harufu ya ndugu yako?"

"Naijua."

"Basi. Tena ifuate hiyo, wala usisikilize maneno. Huko chini kuna watu wengi waliokufa bila wa kuwaita."

Mama aliposikia alisimama, akapapasa ukuta akitafuta ndara zake za majani ya mpunga. "Nitakaa mdomoni mwa mgodi. Nitamsikia akifika. Mlete mwanangu, Tsuya. Wakishajenga, hatatoka tena mpaka dunia iishe."

Kesho yake Tsuya akashuka na waliokwenda kutoa vifaa. Waashi walikuwa tayari wamepanga matofali pande zote mbili za Mlango wa Upepo, wakiacha uwazi wa mtu mmoja. Alipenya, akaenda mpaka lilipoanguka dari. Hewa ilikuwa ya moto na inanuka mafuta ya taa, na mwali ndani ya taa yake ukarefuka, ukawa na ncha ya buluu, dalili kwamba gesi ipo na muda haupo. Akachuchumaa, akatandika koti la Isokichi mgongoni, akafunga kitambaa cha kubebea mtoto.

"Kaka," alisema. "Panda twende."

Uzito ukaja. Baridi ilimwingia mgongoni kama maji ya kisima. Akasimama.

"Isokichi! Tunapanda!"

Mwanzo ulikuwa uzito wa mtu mmoja. Alipopita mihimili iliyovuliwa ukaongezeka, akasikia pumzi shingoni, kisha pumzi nyingine isiyokwenda pamoja na ile ya kwanza, na mkono mdogo ukamshika sikio, na mwingine wenye kucha ndefu ukamkamata nywele, na harufu ya baruti na majani mabichi na nywele zilizoungua ikamjaa puani, na sauti zikaanza, za wanaume, za wanawake, moja ya mtoto, zote zikinong'ona neno lilelile, na mimi, dada, na mimi, na mimi, naye hakuthubutu kugeuka wala kuwakung'uta maana kumtua mmoja ni kuwatua wote, akaendelea huku ncha ya buluu ikizidi kupanda, mpaka akaanguka kwa mikono yake miwili kwenye tope akajua kwamba hapo ndipo mwisho wake.

Ndipo viganja viwili vikamkaa kiunoni. Vikasukuma.

Tangawizi ilinukia pote. Tsuya akalia kwa sauti, akalia kwa furaha. "Ni wewe! Ni wewe, Kaka!" Akainuka. Viganja vikamsukuma imara, kama linavyosukumwa sanduku lililojaa, akaona taa za waashi na uso wa Kuroda kwenye uwazi.

"Toka humo, mwanamke! Gesi hiyo! Unataka kutuua?"

"Isokichi!" akapaza sauti, kwa nguvu zote alizozikosa siku ile. "Hapa Mlango wa Upepo! Tunapanda!"

Akapenya. Viganja vikamwacha. Amepanda na yeye, aliwaza, na moyo ukamtulia. Nyuma yake matofali yaligongana, mwiko ukakwaruza udongo. Akaita Kona ya Matone, akaita Mteremko Mrefu, akaita Mdomo wa Mgodi, jua likampiga usoni, na mzigo wote ukateremka mgongoni mwake kwa mara moja, kama abiria waliofika.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, bakuli mapajani. Akainua kichwa akitabasamu. Kisha tabasamu likamwisha polepole.

"Karibuni," alisema, kwa adabu ya mtu aliyeshtuliwa na wageni. Akashusha sauti. "Tsuya, hawa wote ni nani?"

"Isokichi yumo, Mama."

"Simsikii."

"Yumo! Nimenusa tangawizi yake. Alikuwa ananisukuma kwa ny—"

Aliyesukuma kwa nyuma hakuwa amepanda mgongoni. Bakuli likateleza mapajani mwa mama, uji ukamwagika kwenye majivu ya makaa.

Tsuya alikimbia kurudi chini, akipita katikati ya waashi waliokuwa wakipanda. Ukuta ulikuwa umekamilika na udongo bado mbichi, isipokuwa mahali pawili, usawa wa kiuno chake, palikuwa pamevimba kwa nje, upana wa viganja. Kuroda, aliyebaki kumalizia, alipitisha mwiko akapasawazisha. Pakavimba tena.

"Tsuya," ikasema sauti nyuma ya matofali. "Tumefika wapi?"

Mnyapara akaangusha mwiko, akatimka. Tsuya akabaki peke yake, paji la uso kwenye udongo.

"Mlango wa Upepo, Kaka," alijibu. Neno la pili, lile la kupanda, alilitafuta kinywani, akalikosa.