Kifo Kwenye Jabali la Ilopa

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, mwili wa Mzee Yohane ulionekana chini ya jabali la Ilopa, kiasi cha mita thelathini kutoka njiani. Wa kwanza kuuona alikuwa Mwanaidi Abdulkarim, mpelelezi wa polisi anayeishi Ilomba, Mbeya. Siku hiyo alikuwa likizo, akitembea milimani katika msafara wa mzee huyo kama mgeni mwingine yeyote. Kwa miaka ishirini marehemu alikuwa akiwatembeza wageni katika vijiji vya kale, akiwasimulia habari za mababu, kisha kuwateremsha hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Mwanaidi alipiga simu polisi. Akajibiwa kwamba gari lingechukua saa mbili, aanze yeye uchunguzi.

Alianza na Anwari, mwalimu wa historia kutoka Kalenga, aliyekuwa akikusanya masimulizi ya kitabu. Asubuhi watu walimsikia akibishana na mzee.

"Mlibishana nini, mwalimu?"

"Habari za Mkwawa. Alikosea mwaka, nikamsahihisha mbele za watu." Anwari aliinamisha macho. "Ningejua, ningenyamaza."

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye kuliko wote."

"Nilikuwa napiga picha ziwa."

Akampa simu. Picha moja ilipigwa saa tano na dakika kumi na mbili. Pembeni alionekana Mzee Yohane, ameketi peke yake ukingoni, begi kando yake, kidevu kimegusa kifua. Katika picha iliyofuata, ya dakika moja baadaye, begi lilikuwepo, mwenyewe hayupo. Hapakuwa na mtu mwingine. Upepo ulikuwa mkali, na hakuna aliyesikia kitu.

Akamgeukia Jailos, kiongozi msaidizi, mtu wa makamo.

"Asipokuwepo yeye, msafara ni wako."

"Ndiyo, afande. Na nilishamwambia apumzike, miguu imechoka. Ila mimi nilikuwa nyuma, namfungia huyu mama kiatu."

Shufaa, mke wa Anwari, aliitikia kwa kichwa.

"Leo ulimwonaje mzee, Jailos?"

"Toka kijiji cha pili anapiga miayo tu. Nikajua ni uzee."

Mwanaidi alimrudishia Anwari simu. Hata yeye alikuwa ameona. Mzee alijikwaa mara mbili, akamshika Mwanaidi bega na kucheka. Naye, aliyezoea kutilia shaka kila kitu, akajiambia kwamba yuko likizo. Jambo hilo lilimchoma.

Waliteremka hadi kijitoni, ambako Benedicta, mpishi wa msafara, alikuwa ametangulia kwa njia ya mkato kuandaa chakula. Wageni walitua chupa zao za chai kwenye nyasi, zote zina masalia ya chai. Moja iliyokuwepo tayari, nyekundu, ilikuwa imeoshwa, bado ina majimaji na harufu ya sabuni.

"Hii ya nani?"

"Ya mzee," alisema Jailos. "Ilikuwa kwenye begi lake. Dada Benedicta alipanda aliposikia kelele zetu, akalishusha."

Benedicta alikuwa anamenya viazi ambavyo hakuna ambaye angevila.

"Dada Benedicta," Mwanaidi alisema taratibu, "vyombo vyote vichafu. Kwa nini umeosha cha marehemu peke yake?"

Benedicta aliendelea kumenya.

"Maabara watapima mpira wa kifuniko. Lakini napenda nisikie kwako."

Benedicta aliweka kisu chini.

"Ni vidonge vya usingizi vya mama yangu. Viwili, nilivitia kwenye chai yake. Nilitaka asinzie kijiji cha kwanza, Jailos ashike msafara. Jailos hasimulii pale kaburini."

"Kaburi gani?"

"La babu wa baba yangu. Miaka yote mzee anasimamisha watu pale, anasema huyu ndiye aliyewaonyesha Wajerumani pango walimojificha wenzake. Mwezi uliopita wakwe watarajiwa wa binti yangu, Jackline, waliisikia. Hawakurudi tena. Nilimwomba mzee mara tatu aache. Akasema historia haifichwi. Juzi nikasikia mwalimu anaandika kitabu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Sikutaka afe, afande. Huyu mzee ndiye baba wa ubatizo wa Jackline. Ndiye aliyesimama naye kanisani."

Mwanaidi alitamani kuishia hapo. Lakini kesho au keshokutwa Benedicta angeyasikia yaliyobaki kwa mwingine.

"Leo hakuisimulia," alisema. "Tulipofika pale kijiji cha pili, mwalimu aliuliza ni kaburi la nani. Akajibu, ni mzee mmoja wa hapa, ana vitukuu wazuri, na mmoja ndiye atakayetulisha mchana. Akatupitisha."

Anwari alithibitisha kwa sauti ndogo. Hakuwa ameandika kitu.

Benedicta aliitazama ile chupa nyekundu.

"Alikuwa ameshakunywa?"

"Bado. Alikunywa hapo, alipomaliza kutuambia."

Gari lilifika barabara ya chini saa saba na nusu. Mwanaidi hakumfunga Benedicta pingu. Alimshika mkono tu waliposhuka kwenye mawe yanayoteleza.

"Nani atamwambia Jackline?" Benedicta aliuliza.

"Tutapitia kwako kwanza. Utamwambia wewe."

"Nianzie wapi?"

Mwanaidi alimwonyesha jiwe la kukanyaga. Waliendelea kushuka.