Mpingo Mchanga

Jioni ile mume wangu, fundi wa filimbi, alinituma bandani nikapake nta ncha za gogo jipya la mpingo. Kazi ya kila siku. Mpingo usipozibwa ncha ili ukauke polepole, hupasuka, na filimbi iliyopasuka haiimbi, inakohoa tu.

Nilipoinama na taa, gogo lilikuwa jeupe karibu lote. Katikati palikuwa na kiini cheusi, chembamba kama kidole changu cha mwisho. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole, kama afanyavyo mume wangu anapochagua mti. Mpingo uliokomaa hulia kama chuma. Huu ulisema du, basi.

"Baba watoto! Mbona umekata mti mchanga hivi?"

"Mikubwa imeisha msituni," akajibu kutoka ukumbini. "Nisubiri mpaka wajukuu wazae?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Baraka hailiwi, mama. Paka nta."

Nikacheka, nikapaka. Nyuma yangu mtu akavuta pumzi...

Bandani nilikuwa peke yangu.

Jioni iliyofuata kiini kilikuwa kipana kama kiganja. Banda lilinuka mti mbichi, na jasho la mume wangu. Jasho lile nalijua, nimefua mashati yake tangu ujana wetu. Yeye alikuwa kitandani, kichwa kimejaa mvi ambazo jana hazikuwapo, anakohoa kikohozi kikavu.

Nikakimbilia kwa mlinzi wa msitu, mama anayeotesha miche ya mpingo na kuilinda na moto.

"Kaukata mchanga?" akanong'ona kabla sijaketi.

"Ndiyo, mama."

"Mpingo hukomaa kwa umri wa mtu mzima. Ukikatwa kabla... huutafuta umri huo kwingine."

"Kwa nani?"

Alinipa mche. "Rudisha gogo kwenye kisiki chake. Huu upande kando yake, uutunze. Labda atakusamehe."

"Nani?"

"Nenda, mwanangu. Giza linaingia."

Gogo nililiburuta mwenyewe, nikilia njia nzima. Nikapanda mche, nikaumwagilia maji. Nilipogeuka, gogo lilikuwa jeusi tii, limebakiwa na duara jembamba jeupe ukingoni. Sikuthubutu kuligonga.

Nyumbani nilimkuta ameketi, anatabasamu. Hakohoi tena. Mvi zilikuwa palepale, lakini macho yalikuwa yaleyale yaliyonichumbia.

"Nimepona, mke wangu."

Furaha ikanijaa. Nikamkumbatia, nikampigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba.

Ngo.

Nikaacha mkono wangu hewani. Nikapiga tena, taratibu.

Ngo... Kama chuma.

Yeye hakushtuka. Alikuwa ameinua mikono kwenye taa, akiitazama. Ncha za vidole zilikuwa zimeanza kufanya nyufa, nyembamba, kavu, bila tone la damu.

"Mama watoto," akanong'ona, "ile nta... imebaki?"