Barua Ifike Kabla ya Ijumaa

Fundi cherehani alikuwa amekaa katika chumba cha kushonea alichopanga kwa halmashauri miaka kumi na tisa. Hapo ndipo alipowalea wanawe, mtoto mgongoni, mguu kwenye cherehani. Kisha halmashauri ikamletea barua: chumba kitapewa mtu mwingine. Kama ana pingamizi, lifike makao yake makuu kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni.

Alipewa wiki mbili. Lakini sare za shule zilimzonga. Kila siku akasema kesho, na kesho nazo haziishi! Jumatano asubuhi ndipo alipoandika. Akabandika stempu, akaenda kuitumbukiza barua kwenye sanduku la posta.

"Nimewahi!" alisema, barua ingali mkononi, akimwambia jirani yake, karani wa posta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Muhuri. "Bado siku mbili."

"Hebu nisomee, mwenzangu. Wamesema itumwe au ifike?"

Fundi akasoma. Akarudia kusoma. "Ifike."

"Haya! Ya sanduku huenda ikachukua siku nne. Ofisi nyingine huhesabu tarehe ya muhuri wa posta. Hawa wanahesabu siku ya kupokea. Barua ya serikali isome yote siku ileile, usingoje. Sasa toa nakala, uje dirishani tuitume kwa njia ya haraka. Atakayeipokea atatia sahihi."

"Na risiti?"

"Ole wako uitupe! Huyo ndiye shahidi wako."

Barua ikaondoka mchana uleule. Ijumaa Mama Muhuri akamletea karatasi yenye sahihi ya aliyeipokea.

Wiki iliyofuata fundi akaitwa makao makuu. Ofisa akafungua faili, akatikisa kichwa. "Mama, hatukupata pingamizi lako. Umechelewa."

Zamani angeomba radhi, akatoka kinyonge. Siku hiyo, wapi! Akapanga mezani nakala, risiti na ile karatasi.

"Ilipokewa hapa Alhamisi, saa tano asubuhi. Hii sahihi ni ya nani, baba?"

Ofisa akaitazama. Ilikuwa ya karani wake mwenyewe. Wakapekua kabati zima, mpaka barua ikaibuka chini ya rundo la faili. Pingamizi likasikilizwa. Chumba kikabaki chake, kwa maandishi.

Alipokuwa akitoka, ofisa akamwuliza, "Wakili wako ni nani, mama?"

Fundi akanyoosha mabega, akacheka kwa fahari.

"Wakili gani? Ni mimi mwenyewe."